Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Maoni ya Umma, na Jinsi ya Kusoma wa Wenzako

Mwaka 1941 mtafiti wa Kimarekani, Donald Rugg, alichapisha matokeo ya jaribio jepesi kabisa. Kundi moja la Wamarekani liliulizwa: je, nchi iruhusu hotuba za hadharani zinazopinga demokrasia? Asilimia 62 walijibu isiruhusu. Kundi la pili, lililoteuliwa kwa namna ileile, likaulizwa: je, nchi ipige marufuku hotuba hizo? Waliosema ipige marufuku walikuwa asilimia 46 tu. Mbele ya hakimu, kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo lilelile. Mbele ya mtu aliyegongewa mlango jioni, si lilelile hata kidogo. Kupiga marufuku kuna ukali ndani yake, na wengi wetu hatupendi kujiona wakali.

Mhariri angeweza kuandika kwamba wananchi wengi hawataki hotuba hizo. Angeweza pia kuandika kwamba wanaotaka zipigwe marufuku hawafiki hata nusu. Kote kuwili asingekuwa amesema uongo. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, shika hili: namba ya utafiti wa maoni ni jibu la swali fulani, lililoulizwa kwa maneno fulani, watu fulani, siku fulani. Anayekupa namba peke yake amekupa jibu na kukuficha swali.

Hatua zinazofuata ni za mtu anayetaka kufanya utafiti wake mwenyewe, awe wa asasi, wa ushirika, wa chumba cha habari au mwanafunzi anayeandika tasnifu. Hata kama hukusudii kumhoji mtu yeyote, zipitie. Anayejua nyumba inavyojengwa huona nyufa haraka.

Hatua ya 1: Andika sentensi unayotaka kuja kuisema

Watu wengi huanza na dodoso. Wanakaa mezani, kila mmoja anatupia swali lake, na jioni wana maswali 70 yasiyojulikana yanakwenda wapi. Anza upande wa pili. Andika sentensi moja ya ripoti yako ya mwisho, ukiacha nafasi ya namba:

"Asilimia ___ ya watu wazima wanaoishi katika mji huu wanasema huduma ya maji imezorota katika miezi 12 iliyopita."

Sasa ibane neno kwa neno. Watu wazima ni kuanzia miaka mingapi? Wanaoishi ni pamoja na mwanafunzi aliyepanga chumba kwa muhula mmoja? Mlinzi anayelala kazini? Huduma ya maji ni upatikanaji, usafi, au bei yake? Mtu ambaye maji yanatoka kila siku lakini bili imepanda atajibu nini? Ukishayajibu hayo, nusu ya dodoso imekwisha kujiandika, na maswali mengi kati ya yale 70 yatakuwa yamejiondokea yenyewe.

Hapohapo amua unatafuta kitu cha aina gani. Kuna anachokijua mtu, kuna anachokifikiri, kuna anachokithamini maishani, na kuna kilichompata. Hivi havipimwi kwa kipimo kimoja. Ukiuliza "je, rushwa imeongezeka?" unapima hisia, ambayo hupanda kila kashfa inapotoka kwenye habari. Ukiuliza "katika miezi 12 iliyopita, je, uliwahi kutoa pesa au zawadi ili upate huduma hospitalini?" unapima tukio. Maswali yote mawili ni halali, ila usichukue jibu la kwanza ukalitumia kana kwamba ni la pili. Na mtu hueleza alichofanya jana kwa uhakika zaidi kuliko atakachofanya mwaka ujao.

Hatua ya 2: Chagua watu, usiwaache wajichague

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura milioni 10 kwa posta kabla ya uchaguzi wa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akapata takriban asilimia 61 ya kura, na Landon akaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mara nyingi zaidi lakini iliyopangwa, alikuwa amesema Roosevelt atashinda.

Kadi zile milioni 10 zilitumwa kwa majina yaliyotoka, kwa sehemu kubwa, kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ambapo simu na gari havikuwa vya kila mtu. Hilo watu wengi hulikumbuka. Linalosahauliwa ni la pili: kati ya waliopata kadi, aliyejisumbua kuirudisha mara nyingi alikuwa mwenye hasira na serikali. Aliyeridhika aliiacha kadi mezani. Kura zinazopigwa leo kwenye mitandao ya kijamii zina kasoro hizo zote mbili, na washiriki wake wakifika hata milioni 5, kasoro inabaki palepale. Sampuli kubwa iliyopinda hukupa kosa lilelile kwa kujiamini zaidi. Mimi ningechukua watu 400 walioteuliwa vizuri nikaacha hao milioni 5 bila kufikiri mara mbili.

Kanuni yenyewe ni fupi: kila mtu katika jamii unayoisemea awe na nafasi ya kuteuliwa, nafasi hiyo ijulikane, na uteuzi ufanywe na bahati nasibu, usiachwe kwa mhoji. Kwa utafiti wa ana kwa ana kazi huenda hivi. Unachukua orodha ya maeneo madogo ya kuhesabia watu yaliyotengenezwa kwa ajili ya sensa. Unayagawa kwa mikoa, na kwa mijini na vijijini, ili pasiwe na upande uliosahaulika. Unateua maeneo kwa nasibu, yenye watu wengi yakipewa nafasi kubwa zaidi. Ndani ya eneo, mhoji anaanzia mahali alipopangiwa na kuhesabu kaya, tuseme kila ya 10. Ndani ya kaya, anateua mtu mmoja.

Hapo mwisho ndipo tafiti nyingi huharibikia, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Mhoji amefika kwenye kaya aliyoiangukia. Mlango unafunguliwa na baba mwenye nyumba, mchangamfu, ana nafasi, ana maoni, na anasema, "Niulize mimi, hapa hakuna nisilolijua." Mhoji amechoka, jua limeshazama, na huyu hapa anataka kuhojiwa. Akimhoji, amekosea. Anatakiwa aorodheshe watu wazima wote wanaoishi humo na kupiga kura ya nasibu kati yao, kwa kadi, kwa simu, au kwa jedwali alilolibuni Leslie Kish mwaka 1949 kwa kazi hiyohiyo. Kura ikimwangukia binti anayerudi kazini saa tatu usiku, mhoji atarudi saa tatu usiku. Akimkosa, atarudi tena siku nyingine. Jirani aliyekaa kibarazani bila kazi hawezi kuwa mbadala wake, kwa sababu huyo jirani anapatikana kirahisi, na wanaopatikana kirahisi wana maisha yao tofauti: wengi ni wazee, wasio na ajira, au wanaofanyia kazi nyumbani. Utafiti wa wanaopatikana kirahisi ni utafiti wa nani yuko nyumbani mchana.

Waliojaribu kukwepa usumbufu huu waliadhibiwa mwaka 1948. Kampuni za Marekani zilikuwa zinawapa wahoji mgawo, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, wenye kipato hiki na kile, kisha zinawaacha wajitafutie watu wenyewe. Pia ziliacha kuuliza mapema mno kabla ya siku ya kura. Zote kubwa zilisema Thomas Dewey atashinda. Akashinda Harry Truman.

Kuhusu idadi: kwa sampuli nasibu ya kawaida, watu 400 wanakupa kiwango cha makosa cha karibu asilimia 4.9 juu au chini. Watu 1,000 wanakupa 3.1, watu 1,200 wanakupa 2.8, na watu 2,400 wanakupa 2.0. Maana yake, ungerudia utafiti huohuo mara 100, takriban mara 95 jibu la kweli lingekuwa ndani ya upana huo. Angalia namna faida inavyopungua: kutoka 1,200 hadi 2,400 umeongeza gharama maradufu na umepunguza kosa kwa chini ya pointi moja. Na ukubwa wa nchi hauna uzito hapa. Watu 1,200 wanatosha nchi ya watu milioni 5 na nchi ya watu milioni 200 kwa usahihi uleule, jambo ambalo nimeshuhudia wasomi wazima wakilikataa kwa nguvu.

Ila namba hizo zinachukulia kwamba kila mtu ameteuliwa peke yake. Ukihoji watu wanane katika eneo moja, umehoji majirani: maji yao ni ya bomba moja, shule yao moja, mbunge wao mmoja. Mtu wa nane hakuongezei jipya kama alivyokuongezea wa kwanza. Wanatakwimu huhesabu hasara hiyo. Ikiwa inaongeza variansi, yaani kipimo cha kuyumba kwa makadirio, mara 2, basi watu wako 1,200 wana nguvu ya watu 600, na kiwango cha makosa ni 4.0, si 2.8.

Hatua ya 3: Andika maswali

Kama una fedha za kupoteza, zipoteze kwingine, hapa usikosee. Sampuli mbaya unaweza kuisahihisha kidogo kwa hesabu. Swali baya halisahihishiki.

Anza kwa kutafuta maswali yaliyokwisha kuulizwa na wengine. Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, imekuwa ikiuliza tangu 1999, World Values Survey ya nchi nyingi duniani tangu 1981, Latinobarómetro ya Amerika ya Kilatini tangu 1995, na madodoso yao yako wazi kwa yeyote. Kuazima swali si uvivu. Kunakupa cha kulinganisha nacho.

Ukilazimika kuandika lako, haya ndiyo ninayoyakagua kila ninapopewa dodoso la mtu.

Kwanza, "na". "Je, unaridhika na elimu na afya katika eneo lako?" Aliyeridhika na shule na kuchukizwa na zahanati ajibu nini? Tafuta kila "na" na kila "au" kwenye dodoso lako, uone ni ngapi zinaficha maswali mawili.

Pili, swali la kukubali. "Je, unakubali kwamba serikali ifanye juhudi zaidi?" Nani akatae? Watu wana mwelekeo wa kuitikia ndiyo, hasa wakiwa mbele ya mgeni mwenye karatasi na kalamu, wakiona adabu inataka hivyo. Dawa yake ni kuweka kauli mbili zinazoshindana, zote zenye heshima: "Wengine wanasema kodi iongezwe ili huduma ziboreshwe. Wengine wanasema kodi isiongezwe hata kama huduma zitabaki zilivyo. Wewe uko karibu na upande upi?" Sasa kila jibu lina gharama yake, na mhojiwa anaona kwamba upande wowote atakaochukua kuna watu wenzake.

Tatu, majina yenye sifa. Utafiti wa General Social Survey wa Marekani, ulioanza 1972, huwauliza baadhi ya wahojiwa kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa "kusaidia maskini", na wengine kwa kutumia jina la kawaida la mafao ya serikali, "welfare", jina ambalo miaka mingi ya siasa imelichafua. Fedha ni za kazi ileile. Tofauti ya wanaosema "kidogo mno" mara nyingi huzidi pointi 30. Kila lugha ina maneno ya namna hiyo. "Wamachinga" na "wafanyabiashara wadogo" wanaweza kuwa watu walewale barabarani, lakini kwenye dodoso si walewale.

Nne, mpangilio. Mwaka 1948 Wamarekani waliulizwa kama nchi yao iwaruhusu waandishi wa habari kutoka nchi za kikomunisti kuingia na kuripoti wanavyoona. Swali lilipotangulia, karibu asilimia 37 walisema ndiyo. Lilipofuata swali la kama Urusi iwaruhusu waandishi wa Kimarekani, ambalo wengi walikuwa wamelijibu ndiyo, namba ikaruka hadi karibu 73. Mtu akishasema wale waturuhusu, anaona aibu kusema sisi tusiwaruhusu. Kwa hiyo anza na swali la jumla kabla ya mahususi, na usiulize kuhusu rushwa halafu mara moja ukauliza kama rais anafanya kazi nzuri. Maswali ya umri, elimu na kipato yaweke mwisho, mhojiwa akiwa amekwisha kuzoea.

Tano, "sijui". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, George Bishop na wenzake, waliwauliza watu kuhusu sheria waliyoitunga wao wenyewe kichwani, isiyokuwepo popote. Takriban theluthi moja ya walioulizwa walitoa maoni, wengine wakiiunga mkono, wengine wakiipinga. Usicheke. Mtu akiulizwa kwa heshima huona ana wajibu wa kujibu, na hulikamata neno lolote analolifahamu ndani ya swali na kukisia lililobaki. Ukitaka kujua kama maoni yapo kweli, uliza kwanza: "Je, umewahi kusikia kuhusu...?" na uruhusu "sina maoni" bila kumkunjia mtu uso. Pale ambapo asilimia 40 wanasema hawajui, hiyo ndiyo habari kubwa ya ripoti yako, na ni habari inayotupwa mara nyingi kuliko zote kwa sababu haina mchoro mzuri.

Kama utauliza kwa lugha zaidi ya moja, mtu mmoja atafsiri, na mwingine ambaye hajaona asili arudishe tafsiri ile katika lugha ya kwanza. Zikitofautiana, kaeni pamoja mzibaini. Mara nyingi mtagundua kwamba swali la asili lenyewe ndilo lilikuwa na utata.

Hatua ya 4: Jaribu dodoso kabla halijakuaibisha

Chukua watu 10 au 15 wasiofanana na wewe. Baada ya kila swali waombe walirudie kwa maneno yao. Ukiuliza kuhusu "uhuru wa vyombo vya habari" na mtu akakueleza kuhusu redio yake isiyoshika mawimbi, swali limeanguka. Pima pia muda. Dodoso linalozidi saa moja huanza kukusanya majibu ya watu wanaotaka uondoke.

Hatua ya 5: Wafunze wahoji, kisha wachunge

Mhoji asome swali kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, hata kama mhojiwa ameinua nyusi. Akiombwa ufafanuzi, alirudie swali. Akishaanza kulieleza kwa maneno yake, kila kaya inakuwa imeulizwa swali lake la peke yake. Ahoji mtu akiwa peke yake kadiri inavyowezekana, maana mke anayejibu mume akiwa amekaa pembeni hujibu kwa watu wawili.

Kabla ya swali la kwanza, mhojiwa aambiwe nani anauliza, kwa nini, itachukua muda gani, kwamba jina lake halitaandikwa pamoja na majibu, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati. Kisha asubiriwe aseme ndiyo. Hii ni haki yake, na pia ni kinga ya takwimu zako: anayehisi amelazimishwa hujibu linalomweka salama.

Afrobarometer wana desturi ninayoipenda kuliko zote. Mwishoni mwa mahojiano, baada ya kuwa wamejitambulisha vizuri mwanzoni, humuuliza mhojiwa anadhani ni nani hasa aliyewatuma. Wapo wengi wanaojibu kwamba ni serikali. Ukishakuwa na jibu hilo unaweza kuwatenga waliodhani hivyo, ukaona kama wanamsifu rais kuliko wengine. Umepata kipimo cha woga bila kutaja neno woga. Swali moja tu, halichukui hata nusu dakika.

Kwa mambo mazito zaidi, kama kutoa rushwa au kuuza kura, kuna ufundi uliotokana na wazo la Stanley Warner la mwaka 1965. Sura yake nyepesi ni hii. Mpe mhojiwa sarafu, airushe bila wewe kuona. Ikiangukia kichwa, aseme "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikiangukia upande wa pili, ajibu kweli. Sasa "ndiyo" yake haimshitaki, kwa sababu hujui ni yake au ni ya sarafu. Lakini kwa jumla unajua. Ukihoji watu 1,000, tarajia 500 waseme ndiyo kwa amri ya sarafu. Ukipata ndiyo 620, zile 120 zilizozidi zimetoka kwa watu 500 waliojibu kweli, yaani asilimia 24. Bei yake ni kwamba kiwango cha makosa kinapanuka, kwa hiyo unahitaji watu wengi zaidi. Tena inabidi mhojiwa auelewe mchezo na kuuamini, jambo ambalo halitokei kila mara.

Usisahau kurudi kwenye baadhi ya kaya, au kuzipigia simu, kuthibitisha kwamba mahojiano yalifanyika. Wapo wahoji wanaojaza madodoso chini ya mwembe.

Hatua ya 6: Rekebisha uzito

Hata kwa uteuzi mzuri, sampuli haitalingana na sensa sawasawa. Tuseme umehoji watu 1,000, wanawake 400 na wanaume 600, wakati katika jamii ni nusu kwa nusu. Kila mwanamke unampa uzito wa 1.25 (50 gawanya kwa 40), na kila mwanamume 0.83 (50 gawanya kwa 60). Kama wanawake wanaounga mkono jambo ni asilimia 60 na wanaume ni 40, hesabu ghafi inakupa 48, na baada ya uzito unapata 50. Pointi mbili. Katika uchaguzi wa kukaribiana, pointi mbili ni kila kitu.

Uzito una mipaka yake. Unachukulia kwamba wanawake 400 uliowapata wanafanana na uliowakosa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza kwamba waliokubali kuhojiwa katika tafiti zake za simu walishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018. Kama wale 94 wasiopatikana au wanaokataa wanatofautiana na 6 kwa jambo ambalo sensa hailiulizi, tuseme imani yao kwa wageni na taasisi, hakuna uzito utakaoliona.

Hatua ya 7: Soma namba kwa mkono mzito

Ukikuta A ana asilimia 48 na B ana 45 katika sampuli ya 1,000, usiseme A anaongoza kwa sababu 3 iko karibu na kiwango cha makosa. Kile kiwango cha 3.1 ni cha namba moja. Kwa pengo kati ya wawili ndani ya sampuli hiyohiyo ni karibu maradufu, takriban 6. Pengo la 3 hapo halijakuambia nani yuko mbele.

Makundi madogo nayo hudanganya. Vijana 150 ndani ya wale 1,000 wana kiwango cha makosa cha karibu 8. "Vijana wabadili msimamo" ni kichwa cha habari kinachozaliwa na pointi 5 za hewa.

Na kiwango cha makosa hupima kosa moja tu, la bahati ya uteuzi. Hakigusi swali lililopinda, mhoji aliyeogopwa, wala mtu aliyekataa kufungua mlango. Ripoti inayokupa kiwango cha makosa bila maneno kamili ya swali, tarehe za mahojiano, njia iliyotumika na jina la aliyelipia, iweke pembeni mpaka uvipate. Ya kwako mwenyewe iwe navyo vyote, kwenye ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 8: Rudia swali lilelile

Utafiti mmoja ni picha, na mara nyingi ni picha ya ukungu. Jamii huanza kuonekana pale swali lilelile linaporudiwa kwa miaka. Mwaka 1937 Gallup waliwauliza Wamarekani kama wangempigia kura mwanamke mwenye sifa agombeaye urais, na karibu theluthi moja wakasema ndiyo. Katika miaka ya karibuni wanaosema hivyo wamezidi asilimia 90. Kuhusu ndoa kati ya weusi na weupe, mwaka 1958 waliokubali walikuwa asilimia 4. Mwaka 2021 walikuwa 94. Makosa ya pointi 3 au 5 hayawezi kuzaa tofauti kama hiyo.

Hata hivyo jiulize kilichobadilika ni kitu gani. Inawezekana watu wamebadili mioyo. Inawezekana wazee wamekufa na vijana wamechukua nafasi zao. Inawezekana pia baadhi wana mawazo yaleyale, ila siku hizi hayasemeki mbele ya mgeni, na hilo nalo ni badiliko la jamii, kwa sababu jambo lisilosemeka hufundishwa kwa shida. Mawili ya kwanza unaweza kuyatenganisha. Chukua waliozaliwa, tuseme, kati ya 1950 na 1959, wafuatilie katika kila utafiti wakiwa na miaka 30, 40, 50. Jibu lao likibaki palepale huku wastani wa nchi ukipanda, basi ni kizazi kinachopishana na kizazi. Likipanda pamoja na nchi, watu wamegeuka wakiwa hai. La tatu ni gumu zaidi. Linganisha wanaojibu mbele ya mhoji na wanaojibu peke yao kwenye skrini, uone pengo ni kiasi gani.

Hata swali la ndoa halikubaki lilivyo. Mwaka 1958 Gallup walitumia neno la "watu wa rangi", baadaye "wasio weupe", na sasa "weusi". Neno la zamani lisingeweza kusomwa leo bila mhojiwa kushtuka, na neno jipya lingesikika geni wakati ule. Kwa hiyo siku utakapolazimika kubadili neno kwenye mfululizo wako, usilibadili kimyakimya. Katika awamu hiyo gawa sampuli yako mara mbili kwa nasibu, nusu waulizwe kwa neno la zamani na nusu kwa jipya, kama alivyofanya Rugg. Tofauti itakayotokea iandike chini ya mchoro, na dodoso zote mbili zihifadhi pamoja na takwimu ghafi, ili atakayekuja miaka 20 baadaye ajue ni kiasi gani cha mteremko ni cha watu, na kiasi gani ni cha neno.